Siku Tuliyoteremsha Lori Bila Kuliwasha

Sina subira. Nianze na hilo, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Shuleni nilikuwa namaliza mtihani kabla ya wenzangu wote, halafu napoteza maksi kwa sababu sikusoma swali mpaka mwisho. Nyumbani ugali wangu ulikuwa mbichi katikati na mama alinilalamikia kila mara. Na katika gereji moja ya Kimisagara, mjini Kigali, mwaka tisini na nne tuliporudi Rwanda, haraka yangu iliua pikapu ya mtu. Nitaieleza pikapu kwanza, kwa kifupi, halafu nifike kwenye lori. Lori ndilo ninaloandikia.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi. Nilisoma sekondari ya ufundi, nikachukua makanika, msichana peke yangu darasani. Vita ilipokwisha shangazi yangu akasema tunarudi nyumbani, ingawa huko nyumbani mimi nilikuwa sijawahi kukuona hata siku moja. Tulipofika Kigali sikuweza kukaa ndani. Wiki ya pili nilikuwa nimeshaomba kazi kwa fundi mmoja wa makamo, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, ambaye naye alikuwa amerudi na sanduku lake la spana na hakuna kingine.

Alinitazama mikono. "Unajua kufungua nati?"

"Najua, mzee."

"Unajua kunyamaza?"

Nikasema nitajifunza. Akacheka, akanitupia ovaroli iliyonifika visiginoni hata baada ya kukunjwa mara tatu.

Msimu ule Kigali haikuwa na bateri. Bateri ndiyo iliyong'olewa kwanza kwenye kila gari lililoachwa, kwa hiyo magari yalikuwepo, injini zilikuwepo, cha kuzungushia stata ndicho kilichokosekana. Lakini vilima vilikuwepo. Kila mtu alikuwa analaza gari lake likiangalia chini, na asubuhi anatoa jiwe kwenye tairi, anaachia breki, gari linabingirika, anatia gia ya pili, anaachia klachi, moto. Ukikutana na dereva humuulizi anakaa wapi, unamuuliza gari lake linalala mteremko gani. Sisi gerejini tulifanya hivyo hivyo. Tukimaliza kazi tunalisukuma gari mpaka ukingoni, fundi anapanda, linashuka, linawaka, na hapo hapo anakanyaga mafuta mpaka mwisho ili mwenye gari asikie. Hiyo ilikuwa desturi. Mwenye gari haridhiki mpaka injini ipige kelele. Injini ikinguruma taratibu anaona hujafanya kitu.

Sasa pikapu. Ilikuwa imesimama miezi mingi. Tulimwaga oili ya zamani, mimi nikafunga filta mpya kavu kabisa, kama ilivyotoka kwenye boksi, tukajaza oili mpya, tukaisukuma mteremkoni. Ikawaka kwa mngurumo mkubwa, fundi akaikanyaga, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Na nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilikuwa najua. Mwalimu wetu wa karakana alituandikia ubaoni kwamba ukibadilisha oili na filta, oili yote inakaa chini kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Filta ni tupu, mirija ndani ya injini ni mitupu, na mpaka pampu iipandishe oili ile juu, chuma kinasugua chuma. Kwa hiyo unaizungusha injini kwanza bila kuiwasha, mpaka presha ya oili ipande, ndiyo unaiwasha. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata maksi zote. Lakini siku ile nilitaka makofi.

Siku ya tatu pikapu ikarudi inagonga. Tuliifungua. Beringi zilikuwa zimekwanguka, zimelika upande mmoja. Fundi akamwambia mwenye pikapu kwamba moteri, yaani injini, ilikuwa imechoka, na vita nayo iliimaliza. Yule mtu akakubali, akaondoka kwa miguu. Mimi nilinyamaza. Ndiyo siku pekee gerejini niliyoweza kunyamaza.

Kama wiki mbili baadaye akaja mama mmoja, mwembamba, ana kitenge cha rangi ya udongo na viatu vya kiume. Alikuwa amekumbatia galoni ya oili mpya kama mtu aliyebeba mtoto, na juu ya galoni ameweka filta kwenye boksi lake. Kaka yake ndiye aliyemletea vitu hivyo kutoka Bujumbura. Mjini hapo usingevipata hata ukizunguka kutwa.

Akaeleza kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba ana kamyo, yaani lori, nyumbani, juu ya kilima, pale pale Kimisagara. Ilikuwa ya mumewe. Mumewe ndiye aliyekuwa anaiendesha. Hakusema mume yuko wapi na sisi hatukuuliza. Mwaka ule watu hawakuulizana hivyo. Kamyo haikuwa imewaka tangu mwezi wa nne. Bateri waliiba, lakini mengine yote yapo. Na kule Nyabugogo kwenye ghala moja la mahindi wamemwambia kwamba wanatafuta magari ya kupandisha magunia mjini: akileta kamyo inayotembea Jumamosi, anapata kazi. Asipoileta, wanachukua ya mtu mwingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Moteri ni hiyo hiyo moja," akasema. "Ikikufa, mimi sina ingine. Na watoto wangu ni wanne."

"Haitakufa, mama," fundi akasema. "Tunabadilisha oili, tunaisukuma, inawaka. Jumamosi uko Nyabugogo unakula chai."

Mimi nilikuwa nafuta spana. Nilizifuta zile zile mara mbili.

Tulipanda kilima alasiri ile ile. Lori lilikuwa nyuma ya nyumba, la Kijapani, tani tatu, bluu iliyopauka, kuku wanalala chini ya bodi. Lilikuwa zima. Nikapanda kwenye kabini na kitu cha kwanza nilichokiona kilinifurahisha kuliko vyote: saa ya presha ya oili. Haikuwa taa. Ilikuwa saa ya zamani yenye mshale, na nyuma yake mrija mwembamba wa shaba unaokwenda mpaka kwenye injini. Saa kama hiyo haihitaji bateri. Oili yenyewe ndiyo inayousukuma mshale. Na pembeni ya usukani kulikuwa na kifundo cheusi cha kuvuta, kile cha kuzimia injini: ukikivuta, dizeli haifiki kwenye injini, haiwezi kuwaka hata uizungushe vipi.

Nikakaa pale kwenye kiti kilichochanika nikaviangalia vitu hivyo viwili, mshale na kifundo, na mteremko mbele ya kioo. Nikaruka chini.

"Mzee, nina wazo."

"Nilijua," fundi akasema bila kugeuka.

Nikamweleza. Tusiiwashe na gia ya pili. Tuteremshe lori likiwa kwenye gia kubwa kabisa, na kifundo cha kuzimia kimevutwa. Magurudumu yatazungusha injini polepole, haitawaka, pampu itapandisha oili, mshale utapanda. Mshale ukishasimama, ndipo tunaachia kifundo, inawaka ikiwa tayari imelowa ndani. Kilima kitafanya kazi ya stata.

Fundi akachukua muda kuwasha sigara. "Hii mulima iko na mwisho," akasema. "Unaona? Pale juu iko kali, pale kwa robine ya maji inakuwa kidogo kidogo, halafu daraja, halafu bapa. Ukitumia mulima yote kuzungusha bure, ukifika chini haijawaka, nani atapandisha tani tatu? Wewe?"

"Watu watasukuma."

"Watu gani? Wamesukuma magari tangu mwezi wa saba. Wamechoka na sisi."

"Tukiiwasha kavu itakuwa kama pikapu."

Hapo akanitazama. Mama mwenye lori naye akanitazama.

"Pikapu gani?" akauliza.

Fundi akasema, "Iko pikapu moja ilikuwa nzee." Akavuta sigara.

Ningeweza kuliacha hapo. Naandika hapa kwamba niliogopa, maana nilijua nikisema, ninaweza kupoteza kazi na ovaroli juu yake. Lakini yule mama alikuwa ameishika ile galoni tena, hakuiweka chini tangu tufike.

"Ile pikapu niliiua mimi," nikasema. "Nilifunga filta kavu, tukaiwasha kwa haraka, tukaikanyaga. Shuleni nilifundishwa nisifanye hivyo. Nilifanya."

Kuku akatoka chini ya lori, akatuangalia, akarudi.

"Na hii ya kuteremsha bila moto," mama akaniuliza, "umeshaifanya?"

"Sijawahi, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Shuleni tulikuwa na bateri."

Akakaa kwenye kizingiti cha nyumba. Alifikiri muda mrefu kiasi kwamba mimi nilihesabu vidole vyangu vya miguu. Mwisho akamwambia fundi, "Muzee, huyu amesema ukweli wenye kumuharibia. Mufanye vile anasema."

Fundi akatupa sigara. "Sawa. Lakini volan naishika mimi, naendesha mimi. Yeye atakufa na mshale wake hapo pembeni."

Tukaanza kazi. Fundi, nimsifie, akishakubali haendi nusu nusu. Aliingia chini, akafungua nati ya sampu, oili ya zamani ikatoka nyeusi na nzito, ikaja kama uzi, halafu tone tone. Mimi nilitaka kufunga. Akasema, "Ulitaka taratibu, si ndiyo? Basi acha idondoke." Ikadondoka mpaka jua likaanza kushuka. Tukaweka kopo chini yake tukaenda zetu. Sijawahi kuchukia kopo kama lile.

Ijumaa asubuhi nikafungua filta ya zamani. Nikapitisha kidole kule inakokaa kuona kama raba yake imebaki imeng'ang'ania kwenye injini, maana ukifunga mpya juu ya raba ya zamani oili yote inaruka nje. Haikuwepo, ilikuwa imetoka na filta. Halafu nikashika filta mpya wima na kuijaza oili. Ukijaza filta, karatasi iliyo ndani inakunywa. Unajaza mpaka juu, unasubiri, unaona imeshuka, unajaza tena. Nilijaza mara nne. Mama alikuwa amesimama pembeni anaangalia kila tone, na kusema kweli ilikuwa oili yake, alikuwa na haki. Nikachovya kidole nikapaka raba mpya pande zote, nikaifunga kwa mkono tu mpaka ikagusa, na kuikaza kidogo zaidi, bila spana.

Kisha nikafungua kifuniko cha juu cha injini, nikamimina oili kidogo kidogo juu ya valvu.

Fundi akasema, "Sasa unaipaka kichwa mafuta kama mutoto anaenda kubatizwa."

"Nywele zake zimekauka, mzee."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Akaziba mdomo na kitenge kama mtu aliyefanya kosa.

Tukamimina iliyobaki kwenye sampu mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia, tukabakiza kiasi cha chupa moja kwenye galoni. Fundi akatoa hewa kwenye mirija ya dizeli. Mimi nikatia spana kubwa kwenye nati ya mbele ya injini nikaizungusha kwa mkono, mizunguko ishirini, mpaka mabega yakawaka. Ilizunguka. Haikuwa imeshika popote. Nilitaka tushuke saa ile ile. Lakini ilikuwa ikinyesha, barabara ya udongo imelowa, na fundi akakataa kuteremsha tani tatu kwenye utelezi bila breki za uhakika. Nikarudi nyumbani nikamjibu shangazi vibaya juu ya maharage, na nikaandika kwenye daftari langu kurasa tatu za hasira juu ya mvua.

Jumamosi jua lilikausha barabara kufikia saa nne asubuhi. Tulihitaji watu wa kulitoa lori nyuma ya nyumba hadi ukingoni. Wakaja majirani kama kumi na wawili, wengine wakisukuma kweli, wengine wameegemea bodi tu ili waonekane. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba leo kamyo itashuka bila kuwashwa.

"Kwa hiyo mnaipeleka kutembea," akasema kijana mmoja mwenye fulana iliyotoboka, ambaye kwa kweli ndiye aliyesukuma kuliko wote.

"Inaendeshwa na kitabu leo," mwingine akajibu.

"Dada wa Tanzania, huko kwenu magari yanashuka tu, hayapandi?" wa tatu akauliza.

"Yanapanda," nikasema. "Yanapanda yakiwa na beringi."

"Mimi nasema mapema," yule wa fulana akatangaza. "Mukifika chini hamna moto, sipandishi. Leo nimekula mara moja."

"Na mimi hata hiyo moja bado," mwenzake akasema.

Mama alikuwa amewaacha watoto kwa jirani. Alisimama mbele kidogo, kando ya barabara, viatu vya kiume miguuni, mikono imeshika kitenge kifuani. Aliangalia tairi.

Fundi akapanda upande wa usukani, mimi upande wa pili. Nikavuta kifundo cha kuzimia mpaka mwisho nikakishikilia, maana kilikuwa kinateleza kurudi chenyewe. Akatia gia ya tano, akakanyaga klachi. Wakatoa mawe.

Lori likaanza kubingirika, taratibu mwanzoni, bodi ikilia. Fundi akaachia klachi. Likashtuka, likasita kama mtu aliyeshikwa shati, halafu likaendelea, na chini yetu nikasikia injini inazunguka. Haikunguruma. Ilikuwa inapumua tu: fu, fu, fu, fu. Niliangalia mshale. Sifuri.

"Breki bila moto ni ngumu kama jiwe," fundi akasema. Alikuwa ameegemea nyuma na kukanyaga karibu kwa miguu yote miwili.

Tukapita nyumba ya kwanza ya mabati. Sifuri. Tukapita mti wa parachichi na mwanamke aliyekuwa anaanua nguo akasimama na shuka mkononi. Sifuri. Watu walikuwa wanakimbia nyuma yetu wanacheka.

"Achia," fundi akasema.

"Bado."

"Achia, mulima inakwisha."

"Bado, mzee, mshale haujapanda."

"Saa yenyewe imekufa. Kila kitu kwenye hii kamyo kimekufa miezi mitano. Saa ndiyo ibaki nzima?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ndiyo ukweli wenyewe. Nilifikiria filta, nilifikiria valvu, lakini sikufikiria kwamba saa inaweza kuwa imekufa, na kwamba nitakaa pale naangalia mshale uliokufa mpaka kilima kiishe. Nikakishika kifundo kwa mikono miwili. Na kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema achia, achia, iwake, imalizike. Najijua. Nimeachia kila kitu maishani mapema.

Tukafika kwenye ile robine, bomba la maji. Foleni ya madumu ya njano ikapasuka, watu wakarudi nyuma. Pale mteremko unapungua. Lori likapunguza mwendo, fu, fu, ... fu.

"Weee mutoto," fundi akasema, sauti imebadilika, sasa karibu ananiomba. "Mama yule ataniangalia mimi, siyo wewe. Achia."

Mshale ukatikisika.

Nilidhani ni mtikisiko wa barabara. Halafu ukatikisika tena ukanyanyuka unene wa ukucha, ukarudi, ukanyanyuka tena, na safari hii haukurudi. Ukapanda. Ulipanda kama mtu anayenyanyuka kitini baada ya kukaa sana. Moja. Moja na nusu. Daraja lilikuwa mbele yetu, naliona, mbao zake naziona.

"Inapanda," nikasema.

"Naona. Achia."

"Moja, mbili, tatu..." Nilihesabu mpaka tano. Sijui nilipata wapi hizo tano. Halafu nikakisukuma kifundo ndani.

Kwanza hapakuwa na kitu. Fu. Fu. Halafu kohozi moja, moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma, kohozi la pili, na injini ikashika, silinda moja, mbili, zote, na lori likaruka mbele juu ya daraja kama limepigwa kiboko. Fundi akakanyaga klachi. Tukasimama upande wa pili, kwenye bapa, injini inanguruma.

Nyuma yetu watu walipiga kelele. Wakafika mbio, wakapiga bodi kwa viganja, wakamwita fundi, "Mupe mafuta, mupe, tusikie." Na nikaona mguu wake wa kulia. Ulikuwa umeshanyanyuka. Miaka yote ya desturi ilikuwa kwenye ule mguu.

"Mzee," nikasema. "Mguu."

Akauangalia kama si wake. Akaushusha chini kwenye zulia.

"Wacheni," akawaambia watu kupitia dirishani. "Hii tunaiacha iamke polepole. Mtoto akiamka humupigii ngoma masikioni." Na akasema hivyo kwa ukali wa mtu aliyekuwa na wazo hilo tangu utotoni mwake. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, nimeangalia pembeni nisionekane.

Mshale ulikuwa umesimama kwenye nne, hauchezi. Nililala chini ya lori nikaangalia filta kwa mwanga wa jua: kavu nje, hakuna hata tone. Mama akafika mwisho, hakukimbia. Akaja mpaka mbele ya injini akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Aliniuliza, "Iko sawa?"

"Iko sawa, mama. Sikiliza."

Akasikiliza. Injini haikugonga. Ilikuwa na sauti ya chini, moja, nzito, inayorudi ile ile.

Sasa tulikuwa kwenye bapa, na kuzima hapo hatuwezi, maana bila bateri ni kusukuma tena. Lakini oili lazima ipimwe injini ikiwa imezimwa, kwa sababu ile iliyopanda kwenye filta na mirija imepunguza iliyo chini kwenye sampu. Kwa hiyo fundi akageuza, tukapanda kilima kile kile kwa gia ya kwanza, mama katikati yetu, na wale waliokuwa wanatucheka wakaning'inia nyuma kwenye bodi bila kuombwa, pamoja na yule wa fulana.

"Wewe si ulisema hupandi?" nikampigia kelele.

"Nilisema sipandishi. Kupandishwa sikukataa."

Juu tukageuza lori liangalie chini, tukaweka mawe, tukazima. Nikaazima saa ya mkononi ya fundi nikasubiri dakika kumi kamili. Kijiti kilionyesha oili imeshuka hadi katikati ya alama zake mbili. Nikamimina ile chupa tuliyobakiza. Ikarudi juu kabisa. Mama ndiye aliyefunga kifuniko; aliniomba, nikampa.

Tukateremka mara ya pili. Safari hii fundi mwenyewe ndiye aliyevuta kifundo, hakuniuliza, akaizungusha bila moto mpaka mshale ukapanda, na ulipanda kabla hatujafika kwenye mti wa parachichi. Tukaenda Nyabugogo.

Ghalani kulikuwa na msimamizi mwenye daftari na kofia. Alilizunguka lori, akapiga tairi kwa mguu, akauliza dereva ni nani.

"Leo ni huyu mzee," mama akasema. "Kuanzia wiki ijayo nitajifunza mwenyewe."

Fundi akageuka kumwangalia. Mimi pia. Hakuwa ametuambia.

Msimamizi akasema pakieni. Wakapakia magunia mpaka springi zikalala. Kutoka Nyabugogo kwenda Muhima, kule juu mjini, barabara inapanda moja kwa moja, na huko ndiko gari bovu linakojulikana. Mimi nilipanda nyuma juu ya magunia kwa sababu kabini mama alikuwa anataka aone gia zinavyoingizwa. Lori likaanza kupanda. Nililaza sikio langu juu ya bodi nyuma ya kabini, nikisubiri ule mlio wa kugonga, tak tak tak, ambao niliusikia kwenye pikapu na bado ulikuwa unaniamsha.

Nusu ya mlima. Hakuna. Tukapita lori jingine limesimama pembeni kifuniko kimefunguliwa, mvuke unatoka, dereva wake amekaa kwenye jiwe. Alituinulia mkono. Mahindi yalikuwa yananichoma mgongoni kupitia magunia, jua linanipiga usoni, na injini ile ilikuwa inavuta kwa sauti moja, bila haraka. Kupitia kioo kidogo cha nyuma nilimwona mama ameinama mbele, anaangalia saa ya presha. Fundi alikuwa anamwonyesha kwa kidole: hapa ni vizuri, hapa ni vibaya, hapa simama.

Muhima tulishusha magunia, na msimamizi wa huko akaandika kwamba lori lirudi safari ya pili.